Stesheni ya Syokimau na Steji ya Uriri

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi wa wadi tano za Uriri kuhusu usafiri na ardhi ya umma



Mada ya leo huenda ikamshangaza mtu. Uriri haina reli. Ukitaka kuona treni ni lazima ufike Kisumu. Hata mpango wa kuendeleza reli ya SGR kutoka Naivasha kwenda Kisumu na Malaba umechorwa kupitia Narok, Bomet na Nyamira, wala haugusi Migori. Basi kuna atakayeuliza: stesheni ya treni inamhusu nini mkazi wa Oyani au Rapogi anayesimama kando ya barabara kuu akingoja matatu ya Awendo?

Inamhusu kwa sababu stesheni na steji ni ndugu. Zote mbili ni mahali ambapo watu wengi hufika mmoja mmoja, kwa miguu au kwa pikipiki, halafu wakapanda chombo kimoja kwenda kazini, sokoni au hospitalini. Jioni hurudi palepale. Chombo chenyewe, kiwe treni au matatu, ni nusu tu ya safari. Nusu nyingine ni ile ardhi inayozunguka mahali pa kupandia: ni ya nani, ina upana gani, na ilitengwa lini. Swali hilo la mwisho ndilo kiini cha maelezo haya.

Nyanza Kusini yenyewe inalijua jambo hili tangu zamani. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Haikuja upande huu wa ziwa. Kilichokuja ni meli. Zilitoka Kisumu zikatia nanga Kendu Bay na Homa Bay, na mtu aliyetaka kwenda Nairobi au Mombasa kutafuta kazi alishuka hadi gatini, akavuka maji, akapanda treni Kisumu. Kwa hiyo gati lilikuwa ndiyo stesheni ya watu wa huku, na maduka yakafuata gati. Baadaye barabara ikachukua kazi ya meli, na maduka nayo yakahama: Rongo, Awendo, Uriri na Migori zote zimejipanga juu ya barabara ya Kisii kwenda Isebania kama shanga kwenye uzi. Mji hufuata mahali watu wanapopandia. Hilo halina ubishi. Ubishi ni nani anayefika kwanza, mpangaji wa mji au mwenye mabati na misumari.

Ili jambo hili lionekane wazi, maelezo haya yatakwenda mbali kidogo, hadi Japani, yarudi Nairobi, kisha yaingie Uriri.

Japani hutajwa sana kwa treni zake za kasi, zilizoanza kati ya Tokyo na Osaka mwaka 1964, na kwa stesheni ya Shinjuku jijini Tokyo, inayojulikana kuwa yenye abiria wengi kuliko zote duniani, watu wakihesabiwa kwa mamilioni kila siku. Hayo yaacheni. Kwa mkazi wa Uriri, cha kufaa zaidi ni stesheni ndogo za pembeni mwa jiji, zile ambazo mfanyakazi hutoka asubuhi na kurudi jioni. Mojawapo ni Ikeda, nje kidogo ya Osaka.

Mwaka 1910 kampuni moja ya reli ilifungua njia kutoka Umeda, katikati ya Osaka, kwenda Takarazuka. Aliyeisimamia ni Ichizo Kobayashi, ambaye kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa benki. Njia ile ilipita mashambani na vijijini. Hapakuwa na kiwanda kikubwa wala bandari, na hesabu ya nauli peke yake ilionyesha hasara. Kobayashi akafanya jambo lililoonekana la ajabu: badala ya kungoja mji uje ndipo aweke stesheni, kampuni ilinunua ardhi kando ya njia wakati bado ni ya bei ya shamba. Ikaikata viwanja, ikajenga nyumba Ikeda, ikaziuza kwa watu wenye mshahara wa kawaida kwa malipo ya kidogo kidogo kwa miaka kumi. Mwenye kununua nyumba akawa abiria wa kila siku.

Halafu akatazama upande wa pili wa njia. Treni zilijaa asubuhi kwenda mjini, lakini zikirudi zilikuwa tupu. Kule mwisho, Takarazuka, kampuni ikafungua mabafu ya maji moto mwaka 1911, na mwaka 1914 ikaanzisha maonyesho ya wasichana waimbaji ambayo yapo hadi leo. Watu wa mjini wakawa na sababu ya kupanda treni Jumapili. Mwaka 1929, kule Umeda, kampuni hiyohiyo ikafungua duka kubwa juu ya stesheni yake. Abiria akishuka, yuko dukani.

Mtu anaweza kusema huyo alikuwa mfanyabiashara tu, akitafuta faida. Ni kweli. Lakini tazama utaratibu wake. Thamani ya ardhi hupanda pale watu wanaposhuka. Aliyeijua ardhi hiyo kabla ya siku ya kwanza aliitumia thamani hiyo kulipia reli. Kama angechelewa miaka mitano, viwanja vingekuwa mikononi mwa walanguzi, na reli ingebaki na nauli peke yake.

Na mbele ya stesheni nyingi za Japani, hata ndogo, kuna kitu ambacho mgeni hukiona mara moja: uwanja. Si uwanja wa mpira. Ni eneo la wazi ambapo mabasi huzunguka na kushusha watu, teksi husimama kwa foleni, na baiskeli mamia kwa mamia hupangwa mahali pake. Karibu na hapo mara nyingi kuna kibanda cha polisi chenye askari mmoja au wawili, ambao kazi yao kubwa ni kumwonyesha mtu njia na kupokea mkoba uliosahaulika. Uwanja huo haukubaki wazi kwa bahati. Ulichorwa kwenye ramani, na mipaka yake ikalindwa.

Sasa Nairobi. Wengi waliopo hapa wana mtoto, ndugu au shemeji anayeishi Embakasi, Mlolongo au Athi River na kufanya kazi katikati ya jiji. Huyo ameijua stesheni ya Syokimau. Ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 13 Novemba 2012, kama kilomita 16 kutoka katikati ya Nairobi, ng'ambo ya mpaka katika Kaunti ya Machakos. Ilisifiwa kuwa stesheni mpya ya kwanza ya abiria tangu uhuru. Wazo lake lilikuwa zuri: mwenye gari aliache pale, apande treni, aepuke msongamano wa Mombasa Road. Stesheni nyingine zikafuata kwenye njia hiyo, Imara Daima na Makadara.

Jina lenyewe lina kisa. Syokimau alikuwa mwanamke mtabiri wa Ukambani, na wazee wa huko husimulia kwamba kabla mzungu hajafika aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka kwenye maji hadi maji mengine, na watu wakiwa wamebeba moto mifukoni. Nyoka akawa reli, moto ukawa kibiriti. Ni nadra stesheni kupewa jina linaloifaa hivyo.

Lakini kisa cha ardhi ya Syokimau si cha kufurahisha. Mwezi wa Novemba 2011, mwaka mmoja tu kabla ya stesheni kufunguliwa, matingatinga yalibomoa nyumba nyingi hapo Syokimau katika mzozo kuhusu ardhi iliyodaiwa kuwa ya uwanja wa ndege. Watu walikuwa wamenunua viwanja, wamejenga nyumba za mawe, wamehamia na watoto. Wengine walikuwa na karatasi mikononi. Asubuhi moja walikuta samani zao nje. Hata leo, anayetaka kununua ploti popote pale nchini huambiwa, "Kumbuka Syokimau." Mji ulikuwa umefika kabla ya mipaka kuwa wazi, na waliolipa ni wale waliokuwa na kidogo zaidi cha kupoteza na wakakipoteza chote.

Treni yenyewe nayo ilikuja na upungufu. Inatumia reli ya zamani, ile nyembamba iliyofika Nairobi mwaka 1899. Kwa hiyo treni zilipangwa hasa kwa saa za kazi, asubuhi kuingia na jioni kutoka. Anayefanya kazi ya zamu, muuguzi kwa mfano au mlinzi, akiikosa treni ya jioni anarudi barabarani palepale alipokuwa akikimbia. Mwaka 2020 serikali ilileta treni 11 zenye injini ndani ya behewa, zilizokuwa zimetumika katika kisiwa cha Mallorca nchini Hispania, ili kuongeza nguvu kwenye njia za Nairobi. Zilisaidia. Hata hivyo, abiria hapangi maisha yake kwa uzuri wa behewa. Huyapanga kwa ratiba. Treni ya kawaida inayopita kila nusu saa humfaa kuliko treni inayong'aa inayopita mara mbili kwa siku.

Na kuna suala la hatua ya mwisho. Mwaka 2017 stesheni kuu ya SGR ya Nairobi ilifunguliwa hapohapo Syokimau. Msafiri kutoka Mombasa hushuka mbali na jiji, akiwa na mizigo na watoto, na bado ana safari nyingine mbele yake. Ipo treni ndogo ya kumfikisha stesheni ya katikati ya jiji, na ni jambo jema kwamba ipo. Akifika hapo, kama anarudi Uriri, bado anatafuta basi la Migori kwa miguu akipita katikati ya umati. Hesabu ya safari haifanywi kutoka stesheni hadi stesheni. Hufanywa kutoka mlangoni hadi mlangoni, na mahali mtu anapobadilisha chombo ndipo anapoibiwa, anaponyeshewa na anapochoka.

Mwaka 2022 barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ilifunguliwa, kwa kulipia. Mwenye gari na pesa hupita juu. Asiye na gari yuko chini, ama kwenye matatu ama kwenye treni. Hilo linastahili kukumbukwa kila mara usafiri unapojadiliwa: barabara huhesabiwa kwa magari, lakini wanaosafiri ni watu.

Maelezo yarudi sasa nyumbani.

Barabara ya A1 inapita Uriri ikitoka Kisii kupitia Rongo na Awendo, ikienda Migori mjini na mpakani Isebania. Ni barabara ya kimataifa. Malori ya kwenda Tanzania, mabasi ya Nairobi, matrekta yanayovuta miwa kuelekea kiwandani Awendo, matatu, Probox, bodaboda na mtoto anayetoka shule, wote wako kwenye lami moja. Steji ni pale gari linaposimama. Dereva akiona mkono umepungwa, anakanyaga breki, nusu ya gari ikiwa barabarani. Bodaboda husukumana mlangoni kabla abiria hajaweka mguu chini. Mama aliye na kikapu cha omena au mkungu wa ndizi hushukia upande wa mtaro. Mvua ikinyesha, wote hukimbilia baraza la duka la mtu.

Hakuna wa kulaumiwa peke yake hapo. Mwenye bodaboda anasimama karibu na barabara kwa sababu abiria anashukia karibu na barabara. Mwuza mahindi ya kuchoma amekaa pale kwa sababu ndipo mteja alipo. Akihamishwa mita 300 ndani bila magari kuhamishwa pamoja naye, biashara yake itakufa kwa wiki moja, na wiki ya pili atakuwa amerudi. Masoko kadhaa nchini yamejengwa kwa pesa nyingi yakabaki makao ya mbuzi kwa sababu hiyohiyo. Steji na soko huhama pamoja, au havihami.

Kinachohitajika kwa Uriri kinaweza kuelezwa bila maneno makubwa. Ni kipande cha ardhi kando ya barabara kuu, si ndani sana, chenye mlango wa magari kuingia na mwingine wa kutoka ili gari lisirudi kinyumenyume. Bodaboda wapewe kivuli chao upande mmoja, karibu kiasi cha abiria kuwafikia kwa hatua chache, lakini nje ya njia ya matatu. Hao ndio baiskeli za Ikeda. Wao ndio wanaomfikisha mtu wa East Kanyamkago nyumbani kwake usiku. Choo kiwe na maji. Taa ziwake, kwa kuwa magari ya alfajiri hupakia kukiwa bado giza. Njia ya miguu kutoka upande wa pili wa barabara iwe na kivuko na matuta. Vibanda vya wafanyabiashara viwe pale abiria anapopita, visiwe nyuma ya ukuta.

Hayo yote yanawezekana tu kama ardhi ipo. Na hapa ndipo Uriri ina nafasi ambayo Syokimau haikuwa nayo. Mji bado haujajaa. Bado kuna mashamba na viwanja vya wazi karibu na barabara. Kila mwaka unaopita, msingi mmoja wa nyumba huchimbwa mahali ambapo steji ingekuwa. Ardhi ya binafsi haichukuliwi bure: Katiba, kifungu cha 40, inataka fidia ya haki na ya haraka, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaeleza utaratibu. Fidia ya shamba la mahindi ni moja. Fidia ya jengo la ghorofa mbili lenye wapangaji ni nyingine kabisa, na huenda kaunti isiimudu milele.

Ni vyema pia kila mkazi ajue nani anafanya nini, maana malalamiko mengi hupelekwa kwenye mlango usiofaa. Jedwali la Nne la Katiba limeacha reli na barabara kuu za taifa mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Lami ya A1, kivuko na matuta yake ni kazi ya KeNHA. Usafiri wa umma wa barabarani, maegesho, taa za mitaani na barabara za kaunti ni kazi ya Serikali ya Kaunti. Steji ya Uriri, basi, imesimama juu ya mstari wa mpaka kati ya ofisi mbili: gari linaposimama kwenye hifadhi ya barabara liko kwa KeNHA, likiingia uwanjani liko kwa kaunti. Mlango wa kuingilia unahitaji kibali cha mmoja na bajeti ya mwingine. Mradi wa aina hii hukwama hapo mara nyingi, si kwa ubaya wa mtu, bali kwa sababu barua moja haikuandikwa.

Mipango nayo ina kalenda, na anayechelewa hungoja mwaka mzima. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mwelekeo wa fedha hufuata kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kikao cha wananchi kinachofanywa mwezi wa Mei kinaweza kubadilisha shilingi chache hapa na pale. Kinachofanywa kabla ya Septemba ndicho kinachoweza kuingiza mradi mpya. Wengi hujitokeza Mei, wakati vijitabu vya bajeti vimekwisha kuchapishwa, wakarudi nyumbani wakisema hawakusikilizwa.

Kwa hiyo anayekuja kwenye kikao cha wadi yake, iwe North, South, East, West au Central Kanyamkago, asije na ombi la "tujengewe steji" pekee. Ombi kama hilo huandikwa na kusahaulika. Aje na mambo yanayoweza kupimwa. Vijana wachache wenye daftari wanaweza kukaa kando ya barabara siku ya soko na siku isiyo ya soko, kuanzia alfajiri hadi jioni, wakahesabu magari yanayosimama, watu wanaoshuka, wangapi wanapanda bodaboda na wangapi wanaendelea kwa miguu. Kazi hiyo haihitaji mhandisi. Mzee anayejua historia ya shamba lililo karibu na steji aseme mipaka ilikuwa wapi na nani analo leo. Mama anayeuza pale aseme maji ya mvua hupita wapi, kwa sababu yeye huyaona kila masika na mpimaji ardhi huja wakati wa kiangazi.

Na achore. Karatasi ya daftari na penseli vinatosha: barabara, mtaro, duka la kwanza, mti mkubwa, mahali bodaboda wanaposimama sasa, na kile kipande cha ardhi ambacho bado hakijajengwa.